Vyura wa Voi na Chupa ya Mkamburi

Vijana wa maabara, mliniaga kwa keki na saa ya ukutani, nami nikawaahidi kwamba nikipata nafasi nitaandika jinsi kazi yetu ilivyokuwa kabla hamjazaliwa. Nafasi ninayo sasa, na hiyo saa inanipigia kelele kutwa. Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo vyangu vilikuja kama treni ya Taveta, vikichelewa na bila maelezo. Nitaandika habari za vyura, kwa sababu mlikuwa mkicheka kila nilipowataja, na habari za mama mmoja wa Mghange, kule juu milima ya Taita, ambaye sikuwahi kuwatajia.

Nilianza kazi Voi miaka ya hamsini, katika kituo kidogo cha utafiti nyuma ya stesheni. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni milimani, nikijua Kiingereza cha kusoma na Kiswahili cha darasani, na nilidhani mtu akiajiriwa na daktari siku ileile anavishwa koti jeupe. Nilivishwa buti za mpira. Nikapewa ndoo na wavu, nikaambiwa niende mtoni kukamata vyura, madume tu. Nilirudi na ndoo imejaa, matope mpaka kwenye nyusi, nikingoja kusifiwa.

Aliyenipokea ni Mzee Athumani, fundi wa maabara, mtu wa Mombasa mwenye kofia safi kila siku katika mji wenye vumbi jekundu kama Voi. Alichungulia ndoo, akawageuza vyura mmoja mmoja kama mama anayechagua nyanya. "Kijana, nshakwambia madume," akasema. "Hawa wengi wao ni mabibi. Warejeshe kwao, tena kwa heshima." Kisha akanifundisha. Chura dume ana weusi kwenye vidole gumba, na ukimbana kifuani hulalamika. Jike hunyamaza. Mzee Athumani alisema nyumbani kwake mambo yalikuwa kinyume, lakini hilo si la kuandikwa kwenye utafiti.

Kazi ya wale vyura ilikuwa hii. Mkojo wa mwanamke, ule wa alfajiri, ulidungwa kwa sindano chini ya ngozi ya mgongo wa chura dume. Unamwacha chura huyo kivulini kwa muda wa kunywa chai na kufua nguo, halafu ukachukua tone la mkojo wa chura mwenyewe, ukaliweka chini ya hadubini. Kama mwanamke ana mimba, utaona mbegu za chura zikiogelea. Kama hana, utaona maji matupu. Leo mnachovya kijikaratasi mnasoma rangi, na mnalalamika kwamba kinachelewa.

Daktari wetu alikuwa Mwingereza mrefu, mwenye kuinama mlangoni hata pale pasipohitajika. Watu walimwita Bwana Chura, naye alijua na hakukasirika. Alikuwa akichunguza mimba inayoharibika na kugeuka vifuko vya maji, ile mnayoijua nyinyi kama mimba zabibu. Jina hilo lilitoka vitabuni. Mama wa Mghange hajawahi kuona zabibu, na mimi mwenyewe sikuwa nimeziona. Shida ya mimba hiyo haiishii pale inapotoka. Mara chache mabaki yake hugeuka saratani, ikaruka mpaka mapafuni, na siku zile hatukuwa na dawa yoyote ya kuizuia. Kitu pekee kilichokuwepo ni kuondoa mji wa mimba kabla haijasambaa.

Hapo ndipo vyura walipokuwa na maana. Mama aliyetokwa na mimba ya namna hiyo alitakiwa alete mkojo kila mwezi kwa mwaka mzima, na asishike mimba nyingine. Chura akinyamaza, yaani asitoe mbegu, mama amepona. Chura akianza kujibu tena na mama hajakaribiana na mume, basi ni saratani. Njia hiyo ilikuwa nzuri, na mpaka leo naitetea.

Daktari aliwahi kukosea kwa kungoja. Kabla ya Mkamburi, yule wa Mghange, tulikuwa na mama mmoja kutoka kwenye mashamba ya mkonge, jina lake Mghoi. Chura mmoja alijibu, mwingine akanyamaza, na Daktari akasema tungoje tupime tena. Tulipopima tena Mghoi alikuwa ameanza kukohoa damu. Alifia mikononi mwetu akiwaita watoto wake. Baada ya hapo Daktari akawa mtu mwingine. Mezani kwake ulikuwepo mswaki wa Mghoi, nao hakuna aliyethubutu kuuondoa.

Kuna jambo jingine lazima mlielewe. Banda la vyura lilikuwa nyuma, limezungushiwa mabati, na mgonjwa hakuruhusiwa kulifikia. Daktari alisema wakiona chura anadungwa mkojo wao watakimbia. Mimi ni Mdawida, mtu wa Taita, najua chura anavyoogopwa kwetu, na niliona Daktari ana hekima. Kwa hiyo mama aliambiwa alete mkojo, kisha akaambiwa mkojo umepimwa. Katikati ya maneno hayo mawili hapakuwa na kitu. Lakini siri ya vyura ni siri gani? Mto wa Voi ukikauka tuliletewa vyura kutoka Mata, upande wa Taveta, kwenye matenga, kwa treni, na karani wa stesheni alilalamika kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni kwamba yeye hakusomea kupokea vyura.

Mkamburi aliletwa wakati wa mvua za vuli. Msichana bado, mimba ya kwanza, tumbo la miezi minne lililokaa kama la miezi saba, na damu haikatiki. Mumewe Kitawi alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa. Aliyemleta ni mama mkwe wake, Mama Kitawi, mwanamke mwembamba aliyemshika mkono njia nzima ya mlima na hata kitandani hakumwachia. Siku mimba ile ilipotoka, niliitwa nichukue beseni nilipeleke maabara. Mama Kitawi alichungulia kabla nesi hajalifunika. Aliuliza kile ni kitu gani, na nesi akamwambia ni uchafu tu, mama. Nikatoka na beseni kupitia mlango wa nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha, na vyura wetu bandani walikuwa wakipiga kelele zote walizojaliwa. Niligeuka kufunga mlango nikamwona yule mama amesimama, ananitazama ninakoelekea.

Mambo yalikwenda vizuri mwanzoni. Mkamburi alishuka mwenyewe kutoka Mghange miezi ya kwanza, na chupa yake ameifunga kwenye leso. Vyura wakajibu kwa nguvu, kisha kwa unyonge, kisha wakanyamaza. Daktari alitabasamu, jambo ambalo lilitushtua kidogo. Mvua za masika zilipoharibu njia, tukakubaliana Mkamburi awe anatuma chupa kwa lori la kabeji. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakati wa Mau Mau, na njiani palikuwa na vizuizi. Askari mmoja aliifungua ile chupa akainusa, akidhani ni pombe. Dereva alituambia askari huyo hakukagua kabeji tena. Chupa za masika zilikuwa safi, vyura kimya, nasi tukaanza kuhesabu kwamba Mkamburi ametoka salama.

Kiangazi kikaingia. Chupa iliyofuata, chura akajibu. Mzee Athumani akapima na chura wa pili, wa tatu, wote wakajibu. Mwezi wa baadaye vilevile. Daktari akaagiza mkojo uchanganywe na maji mengi, na hata hapo vyura wakajibu, ishara kwamba kilichomo kina nguvu nyingi. Alisimama pale dirishani akiwa ameshika ule mswaki. Kisha akaniambia niende Mghange nikamlete.

Alikuja na Mama Kitawi. Niliwekwa kati yao na Daktari kutafsiri. Daktari alimuuliza kama mumewe amekuja nyumbani. Mkamburi alisema hajaja tangu kabla ya ugonjwa. Aliulizwa kama kuna mwanamume mwingine, na hilo nililitafsiri nikitazama chini. Akasema hapana, bila hasira. Alikuwa anasema kweli tupu, na kila neno la kweli lilikuwa linamsogeza kwenye kisu. Daktari alimpima tumbo kwa mkono, akasema hawezi kuwa na hakika, mji wa mimba unaonekana mkubwa kidogo au labda sivyo.

Mzee Athumani alitaka tupime tena, mkojo mpya, mbele yetu. Lakini vyura walikuwa wamekwisha. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na tenga la Mata lilifika likinuka, vyura wote wamekufa kwa joto la behewa. "Bwana Daktari," Mzee akasema, "tungojeni vyura waje. Ni siku chache." Daktari alijibu kwa Kiswahili chake cha kuhesabiwa: "Mghoi tulingoja."

Mkamburi aliniuliza mimi, kwa Kidawida, si kumuuliza Daktari: "Kaka, wakiukata mji wa mimba, nitazaa?" Nilimtafsiria Daktari, naye akasema mwambie ataishi. Nikamwambia, "Utaishi." Akatia kidole kwenye wino, akaweka alama kwenye karatasi ya idhini.

Mji wake wa mimba ulifika maabara siku ileile. Mzee Athumani aliupasua vipande vyembamba akitafuta ile damu nyeusi ya saratani. Alipasua, akapasua, akavua miwani akaifuta kwa kanzu. Ulikuwa safi. Ulikuwa ni mji wa mimba wa msichana mzima, wenye kuweza kubeba watoto wote aliotaka. Vipande vilipelekwa Nairobi na jibu lilikuwa hilohilo. Daktari alisoma lile jibu akiwa amesimama, akaketi, na hakutoka ofisini mpaka jua lilipokwenda nyuma ya milima. Sijui kama alilia. Mimi nililia, na Mzee Athumani aliniacha nilie.

Mkojo ulisema kitu kimoja na mwili ukasema kingine. Mkamburi aliporudishwa kwao, Daktari alinituma nikaulize. Nilipanda Mghange asubuhi yenye ukungu, na baridi ambayo watu wa Voi huisahau. Niliwakuta nje wanachambua maharagwe, Mkamburi ameketi kwenye mkeka akiegemea ukuta kwa sababu ya kidonda, Mama Kitawi kando yake. Mlangoni alisimama Saru, binti wa Mama Kitawi, aliyeolewa Mwatate na kuja kwao kupumzika. Tumbo la Saru lilikuwa limeanza kuonekana vizuri. Nililitazama tumbo lile kabla sijauliza swali lolote.

Mama Kitawi hakunificha. Naandika kwa Kiswahili alichokisema kwa Kidawida.

"Ile chupa nilikuwa naipeleka mimi kwenye lori. Nilimwaga wake kwenye migomba, nikatia wa Saru kutoka kwenye kopo la chumbani. Saru hajui. Nisingepeleka kitu mngemfuata."

Nilimuuliza kwa nini.

"Niliona kilichotoka kwake. Wewe ndiye uliyekibeba. Yale yalikuwa mayai ya chura, mtu yeyote mwenye macho aliona. Nikasikia vyura wanalia kule ulikokipeleka. Nikanyamaza, nikasema labda nimekosea. Halafu kijana wa jirani anayefanya kazi kwenye treni akaja likizo, akatuambia yule mzungu anafuga vyura na anawatia mkojo wa wanawake. Sasa ningefanya nini? Chura amempa mkaza mwanangu mayai yake mara moja, na nyinyi kila mwezi mnampelekea mkojo ajue njia ya kurudi. Nikampa wa Saru. Saru ana mimba, ana nguvu za watu wawili. Nikasema huyo chura hatamweza."

Hakuna hata neno moja ambalo ningeweza kulipinga kwa alichokiona. Mimi mwenyewe, siku ya kwanza kuliona beseni la namna ile, nilifikiria mayai ya chura. Tofauti yangu na Mama Kitawi ni kwamba mimi nilielezwa. Basi nikamweleza, pale pale juu ya maharagwe, kazi ya chura ni nini na jibu la mkojo wa Saru lilitufanya tudhani nini. Nilikuwa wa kwanza kumweleza, na nilikuwa nimechelewa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mkaza mwanawe, akapiga magoti, mwanamke mzima mbele ya msichana.

Wadawida tunaamini hasira inayofichwa moyoni huua, tena si lazima imuue mwenye nayo. Dawa yake ni kutasa. Aliyekosewa huchukua kinywaji, hukishika mdomoni, hukipuliza chini mbele ya watu na kusema moyo wake uwe safi. Wazee walitumia pombe ya miwa. Nyumba ile ilikuwa ya Wakristo, kwa hiyo Saru alileta maji kwenye kibuyu. Mkamburi alipiga funda, akapuliza, akasema: "Kama moyo wangu una neno na mama huyu, litoke. Alikuwa ananificha na hatari." Kisha akamwinua mkwe wake. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na kofia mkononi. Hakunitazama. Nilingoja kidogo, nikaaga, nikashuka.

Niliporudi na ile habari Daktari aliisikiliza, akashukuru, akafunga mlango. Siku ya pili Mzee Athumani alichukua nyundo akang'oa mabati ya banda, moja baada ya jingine, na Daktari alipita akaona na hakuuliza. Haukupita muda mrefu akarudi kwao Uingereza. Mswaki wa Mghoi aliuchukua. Saru alijifungua mvulana, akamwachia Mkamburi amlee, na Kitawi akaoa mke mwingine kulekule Mombasa. Mama Kitawi aliishi miaka mingi. Nimeambiwa ni Mkamburi aliyemlisha kwa kijiko mpaka siku yake ya mwisho.

Baadaye zilitufikia habari kutoka ng'ambo kwamba imepatikana dawa inayoua saratani ile na kumwachia mwanamke mji wake wa mimba. Mzee Athumani alinisomea akiwa na furaha, kisha akaikunja karatasi. Dawa ile ingemfaa Mghoi. Mkamburi haikumhusu hata kidogo. Yeye alihitaji chura mmoja mzima, au mtu mmoja wa kumpeleka mama mkwe wake nyuma ya mabati.

Kwa hiyo mliponiona kila asubuhi nikimkalisha mgonjwa mpya kwenye kiti changu na kumwambia aangalie kwenye hadubini, na foleni imefika nje, na mnanong'ona kwamba mzee anapenda porojo, nilikuwa nafanya kazi. Nilipowafukuza wale walioleta chupa ya mtu mwingine ili kumsaidia, nilikuwa nafanya kazi. Sikuwaeleza sababu, na hilo nalo ni kosa la aina ileile.

Nimalizie. Wiki chache baada ya kustaafu nilikuwa kwenye hoteli karibu na soko la Voi, nakunywa chai. Mwanamke wa umri wangu akaja kuketi meza yangu. Alikuwa na kikapu cha kabeji na kitambaa cheupe kichwani. Sikumtambua mpaka aliponiita kaka. Tuliulizana hali. Mvulana wake, yaani wa Saru, ni mwalimu sasa, ana watoto. Nilimwagizia chai akakataa, akasema amefunga kwa ajili ya maombi ya kanisa, maji yatamtosha. Mhudumu akaleta gilasi.

"Kaka," akasema, "nina swali moja la siku nyingi. Siku ile kule nyumbani ulimweleza mama. Ulimweleza yeye, mimi nilikuwa na uchungu wa kidonda, sikusikia vizuri, na hukurudi. Wale vyura walikuwa wanafanya nini hasa?"

Nikamweleza. Nilieleza polepole, kama ninavyowaeleza wote, mbegu, na mkojo, na kwa nini tulidhani. Niliongea mpaka chai yangu ikaota utando. Yeye alitikisa kichwa mahali panapostahili, mtu mwenye akili, aliyeelewa mara moja.

"Kumbe ni hivyo tu," akasema. "Hiyo hata mama angeelewa. Mngetuambia, ile chupa ningebeba mwenyewe."

Nilimwambia nasikitika. Miaka yote hiyo nilikuwa sijamwambia.

Akachukua gilasi, akapiga funda, akalishika mdomoni kama siku ile Mghange. Alitazama sakafu ya ile hoteli, saruji nyekundu iliyofagiliwa. Nilivuta miguu yangu nyuma kidogo kupisha. Wahudumu walipita, redio ilikuwa inasoma habari, nami nikangoja kwa moyo wangu wote.

Akameza. Akaweka gilasi mezani, akajitwika kikapu chake, akaniaga vizuri kwa jina, akatoka kwenda sokoni kuuza kabeji.